Uji wa Chuma

Mkono wa Sindano ulikuwa ndani ya mashine ya kuchanganyia zege, na mashine ikawaka. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na wapo wasomaji walionipigia simu kunitukana. Mmoja kaniita mchawi. Haya, tuutoe huo mkono.

Ulitoka. Lakini haukutoka kama ulivyoingia.

Makasia ya mashine yaliukamata juu ya kiwiko, yakaukunja upande ambao Mungu hakuupangia. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Sindano akapiga ukelele mmoja, halafu sauti ikamkauka, akabaki ameachama mdomo kama samaki. Ndipo mashine ikazimika, ghafla kama ilivyowaka.

Injinia ndiye aliyefika wa kwanza. Huyu mwanamke ndiye mkuu wa kazi yote pale darajani, na Sindano ni mdogo wake wa tumbo moja. Aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya pipa, akamchomoa taratibu, huku akimwambia maneno ambayo hata yeye hakuyasikia.

Mkono ulikuwa umejaa nyuzi za chuma zinazochanganywa kwenye zege lile. Nyembamba kama nywele, zimemdunga kuanzia vidoleni hadi begani, utadhani kakumbatiana na nungunungu.

"Dada," akanong'ona Sindano. "Upo?"

"Upo nini?"

"Mkono."

"Upo. Unaning'inia, lakini upo."

"Basi nizimie," akasema, na kweli akazimia.

"Huyu hapa!" sauti ikanguruma nyuma yao. "Huyu hapa muuaji! Nimemwona kwa macho yangu!"

Alikuwa Mnyapara, mzee mwenye kifua kama mlango, anayewasimamia vibarua. Kidole chake kilielekea kwenye sanduku la swichi. Na pale kwenye swichi alisimama fundi umeme, kijana ambaye darajani wote wanamwita Shemeji, kwa sababu ni mdogo wa mume wa Injinia.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi.

"Nilikuwa nazima!" akasema Shemeji. "Jamani, nimekuta imewaka, nikazi..."

Hakumaliza. Mpini wa sururu ulimshukia mdomoni, na jino likaruka likaangukia kwenye toroli la mchanga. Mnyapara ndiye aliyepiga. Wengine hawakuhitaji kuitwa.

Walimpiga kwa ngumi, kwa mabuti, kwa kofia zao ngumu. Mmoja alimkalia kifuani, mwingine akamkanyaga vidole. Damu ilimfunika jicho moja, na lile la pili likaanza kuvimba.

"Dawa ya moto ni moto!" Mnyapara akapaza sauti. "Mtieni na yeye mkono!"

Wakamburura hadi kwenye mashine. Wanaume wawili wakamshika mabega, wa tatu akaukunjua mkono wake kwa nguvu na kuusukumia ndani ya pipa. Mnyapara akasogea kwenye swichi.

"Ngojeni," akasema Injinia.

Hawakungoja.

Basi Injinia akamlaza mdogo wake chini, akainuka, akatembea hadi kwenye pipa. Akakunja mkono wa shati. Akauingiza mkono wake ndani, kando ya mkono wa Shemeji, hadi begani.

"Washa," akamwambia Mnyapara.

Mnyapara hakuwasha. Injinia akaongeza:

"Si unataka haki? Washa. Lakini utatusaga wote wawili, halafu utaieleza serikali nani alikuagiza."

 Mnyapara akautoa mkono kwenye swichi. Vibarua wakaanza kuangaliana, mmoja baada ya mwingine wakamwachia Shemeji.

"Binti, damu ni ya mdogo wako," akasema Mnyapara kwa sauti ya chini.

"Najua ni ya nani. Mfungeni huyu kwenye jenereta. Polisi watamsikiliza. Na ile mashine ya pili ya zege, nani kaizima? Washeni! Kiungo kimefika nusu!"

Hapa nikueleze, msomaji, ili usije ukasema huyu mama hana moyo.

Daraja hilo la zamani lilikuwa limeoza. Slabu mpya, vibamba vipana vya zege, zilikuwa zimeshapangwa juu ya boriti, lakini kati ya slabu na slabu kuna pengo, ndicho kile kiungo, na ndani ya pengo nondo za huku na za kule zimepishana kama vidole. Pengo hilo ndilo roho ya daraja. Halijazwi kwa zege la kawaida. Linajazwa kwa lile zege jipya lenye nguvu kupita kiasi, ambalo vibarua wamelibatiza uji wa chuma.

Halina kokoto. Ni unga laini, mchanga laini, dawa, nyuzi za chuma, na maji kidogo sana. Siku hiyo ya jua kali hata maji yenyewe yaliwekwa kama barafu iliyopondwa. Likiwa bichi linatiririka kama uji. Likikauka linashinda mwamba, na magari yanaweza kupita juu yake hadi wajukuu wazeeke.

Lakini lina wivu. Ukianza kulimwaga, usisimame. Ukisimama linaota ngozi juu, na zege utakalomwaga baadaye halitashikana nalo. Hapo umejenga ufa kwa mikono yako. Na kabla halijakauka, slabu zisitikiswe hata kidogo.

Ndiyo maana Injinia alimfunga mdogo wake mkono kwa kipande cha ubao na shati lake la juu, akamlaza kwenye kivuli cha mifuko ya saruji, akatuma mtu akaite gari la wagonjwa, kisha akageuka.

"Mwageni!"

Wakamwaga. Toroli likafuata toroli, uji wa kijivu ukaingia pengoni bila kelele.

"Mimi nashuka chini kukagua mbao," akasema Mnyapara, na kabla hajajibiwa akatoweka kwenye ngazi.

Chini ya pengo hilo kulikuwa na mbao zilizoziba ili uji usimwagike mtoni. Zilibanwa kwa kabari. Na chini ya mbao kulikuwa na jukwaa la kusimamia watu, limening'inizwa kwa minyororo kwenye kingo za slabu zenyewe, juu ya maji.

Sindano akafumbua macho.

"Dada. Mnyapara yuko wapi?"

"Tulia. Aliyewasha mashine tumemkamata."

"Mmemkamata Mnyapara?"

Injinia akasimama kama aliyepigwa msumari miguuni.

"Nyuzi zilijikunja donge kwenye kasia," Sindano akasema, anahema. "Nikazima, nikamwomba Mnyapara asimame kwenye swichi asije mtu akagusa. Akaniambia ingiza mkono mwanangu, mimi nipo. Akanitazama hivi, machoni, halafu akawasha."

Injinia akageuka taratibu kumtazama Shemeji aliyefungwa kwenye jenereta, uso wake umekuwa nyama. Kisha akatazama pengo.

Zege lilikuwa linashuka.

Wanamwaga, nalo linashuka. Kama maji ya beseni lililotobolewa.

"Anatoa kabari!" akapiga kelele. "Yuko chini, anatoa kabari!"

Akachomoa kisu cha kukatia mifuko, akaikata kamba ya Shemeji.

"Shemeji, nisamehe baadaye."

"Baadaye ipi?" akasema yule kijana kwa mdomo uliopasuka. Lakini alikuwa ameshaukimbilia ukingo. Hakutumia ngazi. Aliruka.

Jukwaa likayumba. Mnyapara alikuwa mwishoni kabisa, nyundo mkononi, anagonga kabari ya tatu. Mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka mtoni, na uji wa chuma ulikuwa unamwagika kupitia mwanya, mzito, wa kijivu, ukimlowesha mabega.

"Mzee, una nini?" Shemeji akapaza sauti.

"Ondoka, kijana. Hii si vita yako."

"Mmenitoa meno, halafu si vita yangu?"

Mnyapara akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Binti yangu kaolewa na Mwenye Pantoni. Tangu daraja lifungwe, mji mzima unavuka kwa pantoni zake. Likifunguliwa atabeba nani, kunguru? Wajukuu zangu watakula zege?"

Na akarusha nyundo.

Ilimpata Shemeji begani. Akaanguka magoti. Mnyapara akamjia juu, akamkaba shingo kwa mikono miwili, akamwinamisha kichwa chini ya ule mwanya, uji ukamwagikia usoni. Nyuzi za chuma zikamchoma midomo, zikamchoma kope. Alipojaribu kuvuta pumzi, akavuta zege.

Shemeji akatapatapa. Mkono wake ukaigusa kabari iliyolegea. Akaing'oa, akampiga nayo Mnyapara sikioni, mara moja, mara mbili, mara ya tatu hadi ubao ukapasuka. Kisha akamwingiza kichwa tumboni kama beberu.

Mnyapara akapinduka nje ya jukwaa.

Akadaka mnyororo. Akaning'inia, miguu inakanyaga hewa, na mbali chini yake mto unapita bila haraka.

"Nipe mkono!" akasema Shemeji, akalala kifudifudi na kumnyooshea.

"Wewe? Mimi niliyekung'oa meno?"

"Nipe mkono, mzee! Meno tutahesabiana juu!"

Mnyapara akaushika. Walitazamana, uso kwa uso, wote wa kijivu, wote wanavuja damu. Labda alitaka kuokoka. Labda aliona polisi, na aibu, na binti yake akimletea chakula jela. Sijui, na Shemeji naye hajui hadi leo. Alichojua ni kwamba yule mzee aliinamisha kichwa, akamng'ata kidole gumba hadi mfupani.

Mkono ukaachia.

Mnyapara alijigonga kwenye msingi wa nguzo kabla ya kufika majini. Hakuelea.

Shemeji hakupata nafasi ya kulia wala kutapika. Alijigeuza, akaweka mgongo wake kwenye ubao ulioachia, akasukuma juu kwa miguu. Mwanya ukafungika.

"Leteni jeki!" akapiga kelele. "Na watu! Peke yangu siwezi!"

Wakashuka wanaume wanne, walewale waliomkanyaga. Hakuna aliyeomba radhi. Kila mmoja aligeuza mgongo, akaubana ubao pamoja naye, mmoja akaanza kufunga jeki. Juu, toroli zikaendelea. Zege likaacha kushuka. Likatulia. Likaanza kupanda.

Hapo simu ya Injinia ikalia.

"Simamisha kazi," ikasema sauti ya mwanamume. Laini, ya mtu aliyekwisha kunywa chai. "Unanijua mimi ni nani."

"Mwenye Pantoni. Mkwe wako ameanguka mtoni."

 

"Nimemwona akianguka. Niko mlimani, naona vyote. Nilikuwa nikupe nafasi ya kuchagua. Sasa sikupi. Tazama huku juu."

Barabara inayoingia darajani inatoka mlimani, imeteremka moja kwa moja kama ubao wa watoto kutelezea. Juu yake likatokea lori limejaa kokoto. Halikuwa na mngurumo. Injini imezimwa, linateremka lenyewe, na kila linapoteremka linaongeza mwendo. Likayagonga mapipa ya kuzuia magari, yakaruka kando kama makopo.

Injinia akaona kila kitu kwa pamoja. Lori lile likikanyaga slabu za mwisho, kingo zitainuka. Uji utapasuka. Lakini uji si kitu. Minyororo ya jukwaa imefungwa kwenye kingo hizohizo. Itakatika, na wanaume watano watamfuata Mnyapara.

"Shemeji! Tokeni huko chini!"

"Tukiachia linamwagika lote!" sauti ya Shemeji ikajibu kutoka chini, haijui lolote. "Tumeshika, shemeji! Mwageni tu!"

Na hata wangetaka, ngazi ilikuwa moja na lori lilikuwa linakuja.

Kando ya barabara kreni ilikuwa imening'iniza bloku kubwa la zege, lile la kuzibia njia. Dereva wa kreni alimtazama Injinia. Injinia akiinua mkono, bloku linabaki juu. Akiushusha, linaachiwa.

Injinia akainua mkono, akingoja lori lifike mahali pake.

Ndipo akamwona aliyeshika usukani.

Hakuushika. Alikuwa amefungwa nao, mikono yote miwili, kwa waya wa kufungia nondo. Kitambaa cha kichwani kimemdondokea shingoni. Mdomo uko wazi.

"Ni Mama!" Sindano akapiga kelele, akainuka kwa mkono mmoja, akaanguka, akainuka tena. "Dada, usishushe! Dada, ni Mama!"

Alikuwa mama yao mzazi. Asubuhi hiyo alikuwa amemuaga Sindano kwamba anakwenda sokoni, akalalamika kwamba Injinia haji kumwona siku hizi, kaolewa na daraja.

Lori likaja.

"Tumeshika!" wakaimba wanaume kule chini, wanatiana moyo. "Mwageni! Tumeshika!"

Injinia akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama.

Akashusha mkono.

Bloku likaanguka. Lori likaligonga kwa kishindo kilichotetemesha meno ya kila mtu darajani. Nyuma likanyanyuka, kokoto zikamwagika kwa mbele juu ya kabini kama mvua ya mawe, kioo kikapasuka. Lori likasukuma bloku, cheche zikaruka, likasota, likasota, likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa ukingoni mwa slabu.

Uji wa chuma ukatetemeka. Kunyanzi jembamba likapita juu yake, upande hadi upande. Likatulia. Haukupasuka.

Injinia alikimbia kwenye kabini kabla vumbi halijashuka. Akaung'oa mlango.

Mama alikuwa hai. Vigae vya kioo vilikuwa vimemwingia paji la uso, damu inamtiririkia kwenye nyusi. Dashibodi ilikuwa imebonyea, imemkandamiza miguu yote miwili.

"Mama. Mama, ni mimi."

"Nimekuona."

"Mama, kulikuwa na watu chini, Mama, wangekufa wote..."

"Nimekuona ukishusha mkono." Alisema polepole, kama anayesoma kitu kigumu. "Mkono huo nimeuosha mimi."

Injinia akanyoosha vidole amfute damu machoni. Mama akageuza uso.

"Usiniguse. Niitie Sindano."

Sindano akaja, mkono mmoja umefungwa kwenye ubao, wa pili umeshika koleo la kukatia waya. Akapanda kabini bila kumtazama dada yake. Akaanza kukata.

Injinia akashuka. Hakulia. Alirudi kwenye pengo, akainama, akatazama.

"Endeleeni," akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Kidogo tu limebaki. Jazeni."

Toroli la mwisho likamwagwa. Uji ukafika ukingoni, ukalingana na slabu. Kibarua mmoja akatandika plastiki juu yake ili upepo usiukaushe. Kutoka chini wanaume walianza kushangilia, hawajui kilichotokea juu ya vichwa vyao.

Halafu kelele zote zikafunikwa na mngurumo.

Juu mlimani kulikuwa na lori la pili. Hili injini yake ilikuwa inawaka, na moshi mweusi unatoka. Nyuma ya usukani, mikono yake huru, alikaa Mwenye Pantoni mwenyewe.

Injinia akatazama kreni. Kamba yake ilikuwa imenasa chini ya lori la kwanza, pamoja na bloku.

Akatazama lori la kwanza. Likigongwa kwa nyuma litasukumwa hadi juu ya uji. Ndani yake mdogo wake alikuwa amepiga magoti, bado anakata waya. Miguu ya mama ilikuwa bado imebanwa.

"Koleo halifiki!" Sindano akalia kutoka ndani. "Dada, miguu haitoki!"

Injinia akaokota mtaimbo uliokuwa umelala kwenye kokoto. Akapita kando ya kabini, na mama yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

Akasimama katikati ya barabara, kati ya lori la pili na kabini ya mama yake.

Lori likaanza kuteremka. Injinia akaanza kupanda.